Mbuzi Aliyekunywa Maji ya Lengalenga

Lengalenga zangu, zile mboga ambazo watu wa pwani huziita mchicha, hunywa maji safi kuliko wakubwa wengi wanaopita Kabambare kutuhutubia juu ya maji safi. Nasema hivyo bila aibu, na mwenye kubisha aje na glasi yake. Ninaandika habari hii kwa sababu wengine wameanza kuisimulia kwa namna ambayo mimi simo, na mtu aliyesoma kwa jasho lake hawezi kukaa kimya huku jasho hilo linavaliwa na wengine kama shati la sikukuu.

Nina diploma ya kilimo. Niliipata Bukavu, na hakukuwa na mjomba, padri wala mheshimiwa aliyenisukuma. Asubuhi nilikaanga mandazi mbele ya lango la chuo kilekile nilichosomea, kisha nikafuta mafuta vidoleni na kuingia darasani. Wenzangu walikula mandazi yangu saa mbili na kunakili majibu yangu saa nne, kwa hiyo niliwalisha mara mbili kwa siku. Wengi wao leo wana ofisi. Mimi nina bonde.

Bonde hilo liko upande wa Wamaza, katika kijiji alichoolewa mdogo wangu, mwanamke mwenzangu tuliyechangia tumbo moja. Nililichagua kwa sababu mto wake haukauki wakati wa kiangazi. Niliporudi, watu walikuja kunitazama kama wanavyotazama maiti ya tajiri: kwa heshima, lakini hasa wakitaka kujua ameacha nini. Walitegemea gari. Walipoona pikipiki inashusha majembe, mapipa na mfuko wa mbegu, sura zao zikalegea.

"Miaka yote ile Bukavu," jirani mmoja aliniambia akiwa ameegemea uzio wangu, "na weye unarudi kumwagia majani maji? Siye tunamwagia bila kusoma."

"Ndiyo maana mboga zenu zinasaga meno," nilimjibu.

Sikuwa natukana. Mboga za pale zilikuwa na mchanga kwelikweli. Juu ya mto wetu, watu walikuwa wanaosha udongo wa kutafuta dhahabu, wengine wakiwa wamefukuzwa na msongamano wa machimbo ya Salamabila. Walichimba kingo, wakaosha udongo mtoni, na wakafanya mtoni humohumo mambo mengine ambayo mtu hufanya akiwa hana choo. Maji yakatufikia yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Wanawake waliyateka na kuyarusha juu ya matuta yao ya mboga, jua likayakausha, na kila jani likavaa koti la matope. Wale wanaoshika dhahabu kwa zebaki walikuwa mbali, ng'ambo ya mlima, kwenye maji yanayokwenda kwingine. Nilipanda mwenyewe kuhakikisha. Kama zebaki ingekuwa mtoni kwetu, ningefunga mfuko wangu wa mbegu na kuondoka, maana mchanga na makaa ya mtu kama mimi haviwezi kupigana na zebaki. Matope yanapiganika.

Lakini vita vyangu havikuanzia mtoni. Vilianzia jikoni.

Mdogo wangu alikuwa mjamzito. Mumewe alikuwa Salamabila ndani ya mashimo, anatuma salamu nyingi na vitu vichache. Mdogo wangu aliishi na mama mkwe wake, mwanamke wa Kiislamu mwenye sauti ndogo ambayo kijiji kizima kiliisikia. Siku ya kwanza nilipomtembelea, mdogo wangu alinyanyuka kunipokea, akashika nguzo, akakaa tena.

"Yaya," aliniambia, kama tunavyowaita ndugu zetu wakubwa, "karibu. Miye niko sawa, ni dunia ndiyo inazunguka."

Nilimpeleka mwenyewe kituo cha afya. Muuguzi alimvuta kope la chini, akatazama, akaniita nitazame. Ndani, mahali panapotakiwa kuwa pekundu, palikuwa kama ndani ya ganda la yai. Akasema damu ni kidogo. Akatoa vidonge, akamwambia ale lengalenga kila siku, akaongeza kwamba kama kope halitabadilika hadi kliniki za mwisho, mdogo wangu atapelekwa Kasongo, akasubiri kujifungua karibu na hospitali, pamoja na ndugu wa kumtolea damu. Kwenda Kasongo ni pikipiki, na kwa tumbo lile, barabara ile. Mwanamke wa nyumba ya pili alipelekwa hivyo kiangazi kilichopita. Pikipiki ilirudi na dereva peke yake.

Mdogo wangu alilisikia neno Kasongo. Tulipofika nyumbani tu, akasema: "Yaya, miye pikipiki sipandi."

"Basi kula mboga."

"Ninakula kila siku. Uliza Mama."

Nikamuuliza Mama. Mama mkwe alikuwa jikoni wakati huo, na nilichokiona nitakisimulia polepole, kwa sababu ndipo diploma yangu ilipoanza kuwasha.

Aliweka lengalenga motoni. Zikachemka mpaka maji yakawa ya kijani. Akayamwaga yote katika beseni la bati. Akatia maji mengine, zikachemka tena, akamwaga tena. Maji ya tatu ndiyo aliyoyaacha, akatia mawese na chumvi. Kilichobaki sufuriani kilikuwa na rangi ya kaki ya shule, na nadhani kilikuwa na faida ileile.

"Mama," niliuliza kwa adabu, "kwa nini yanamwagwa?"

"Maji ya kwanza inatoa matope ya mutoni. Ya pili inatoa uchafu ya wale watu ya dhahabu. Uliona vile wanafanya mule mu maji?"

"Niliona."

"Basi. Mu nyumba yangu hatuli najisi."

Kwa sombe, yale majani ya muhogo, ningemuunga mkono. Sombe ni lazima ipondwe na ichemke sana, sumu yake itoke. Lakini lengalenga haina kosa hilo. Ilikuwa inaadhibiwa kwa makosa ya wachimba dhahabu.

Halafu akaliita beseni, au niseme aliita mwenye beseni. Akatokea mbuzi dume, wa rangi ya kahawia, mwenye ndevu na manyoya yanayong'aa kama viatu vya mwanasiasa. Akainamisha kichwa, akanywa maji ya kijani mpaka bati likalia. Alikuwa na mwili ambao kijiji kile hakikuwa nao. Alitembea polepole, kama mtu asiyedaiwa haraka na mtu yeyote.

"Mama, huyu mbuzi anakula nini?"

"Kama wengine wote. Iko na bahati tu."

Nikamtazama mbuzi, nikamtazama mdogo wangu aliyekuwa ameegemea ukuta, ana midomo ya rangi ya majivu. Vitu vingi ambavyo mwili hutumia kutengeneza damu huyeyuka ndani ya maji na kuondoka nayo, na joto refu humalizia vilivyobaki. Hilo nililisoma, nikalifanyia mtihani, nikafaulu. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitaliona limesimama mbele yangu na ndevu.

"Mama," nilisema, "bahati yake ni damu ya mkwe wako."

"Madamu," akasema, na tangu siku ile hakuniita kingine, "kama ulisoma kukojolea sufuria ya wazee, basi walikufundisha vizuri."

Hapo mtu asiye na diploma angeendelea kugombana juu ya sufuria. Mimi niliona mara moja kwamba sufuria haikuwa na hatia. Mama yule alikuwa na sababu: majani yalikuja machafu. Ukitaka asimwage, mletee jani ambalo halina cha kumwagwa. Na jani husafishwa kabla halijaota, katika maji linayomwagiliwa. Watu hudhani maji ya shambani ni ya shamba tu. Sivyo. Maji mabaya shambani humfuata mpishi mpaka jikoni, humwamuru achemshe mara mbili, na mlaji anabaki na makapi yenye chumvi.

Nikachimba shimo la kwanza karibu na mto, nikalisiliba kwa udongo wa kichuguu ili lisinywe maji. Maji ya mto yanaingia humo na kulala. Usiku matope yanazama chini yenyewe. Asubuhi nayateka ya juu bila kuyashtua, nayapitisha katika pipa lililotobolewa, lenye kokoto chini, makaa katikati na mchanga uliooshwa juu. Yanatoka taratibu na kuingia shimo la pili, lenye mfuniko wa mabua. Kisha nayamwagilia miguuni pa mmea, si juu ya majani, na siku za kuelekea kuvuna sigusi jani kwa maji kabisa. Sikudai kwamba pipa langu linaua kila mdudu; ndiyo maana mboga bado hupikwa. Lakini hupikwa, haiadhibiwi.

Kijiji kilinifanya sinema. Walikuja jioni na viti.

"Madamu, mboga zako zinakunywa na kikombe, ama na glasi?"

"Unawatandikia na kitanda?"

"Miye nikifa, nizaliwe lengalenga kwa Madamu."

Huyu wa mwisho alikuwa anakunywa maji ya mtoni kwa kiganja wakati anasema. Nilimwacha aendelee, kila mtu na kiwango chake.

Mama mkwe hakuja kucheka. Alipita njiani akiwa na bidoni lake, lile dumu la maji, kichwani, akielekea chemchemi. Kwa maana maji ya mto hakuyatumia kwa sala hata siku moja. Chemchemi ilikuwa mbali, nyuma ya kilima, na ilitoa maji kama mtu bahili anayetoa salamu. Ilitosha kutawadha na kupika, haikutosha tuta moja la mboga. Na yeye ndiye aliyewafundisha wanawake wadogo wa kijiji namna ya kuyajua maji twahara: utazame rangi yake, uonje ladha yake, unuse harufu yake. Kama kimojawapo kimebadilika kwa uchafu, yaache.

Nikamngoja mpaka akarudi uani kwake. "Mama, kama maji ya shimo langu yatapita kwa rangi, kwa ladha na kwa harufu, utapika lengalenga zangu bila kumwaga?"

Alishusha bidoni. Aliyapenda mambo ya namna hiyo, nililiona jicho lake. "Kama itapita."

"Na kama itashindwa?"

"Utaniachia sufuria yangu mpaka miye nikufe."

Tukakubaliana siku ya soko, alasiri. Mdogo wangu alisikia yote akiwa kitandani. Nilipoingia kumuaga akanishika mkono wa gauni. "Yaya, ushinde basi," akasema. "Mbuzi ananenepa, mutoto hanenepi."

Sasa lazima nimlete prezida wa komite ya maji. Ningependa kumwacha nje, lakini yeye haachiki nje ya kitu chochote. Komite yake haikuwa na kisima, bomba wala kamba ya ndoo. Ilikuwa na muhuri. Alikuwa na kofia nyeupe iliyobaki baada ya kampeni ya kipindupindu, na pamoja na kofia alibakiwa na ndoo ya unga wa kloro, aliyoilinda chini ya kitanda chake kama watu wengine wanavyolinda dhahabu. Tangu nichimbe mashimo alikuwa hana raha. Maji safi yalikuwa yanatokea kijijini bila yeye.

Asubuhi ya siku ile nilikwenda Wamaza kutafuta mbegu. Niliporudi, nilimkuta amesimama kando ya shimo langu la pili, kofia kichwani, mikono nyuma.

"Madamu, nimekusaidia," alisema.

"Umenisaidia nini, Prezida?"

"Maji yako ilikuwa haiko ofisieli, haina muhuri ya komite. Sasa nimetia dawa. Na nimewaambia vijana wamwagie matuta yote. Mboga zako zitatoka mu shamba zikiwa zimekwisha kuoshwa kule ndani."

Kule ndani. Niliomba arudie, si kwa sababu sikusikia, bali kwa sababu nilitaka kuwa na hakika kwamba binadamu amelisema. Akarudia. Kwa akili yake, kama kloro huosha maji, na lengalenga hunywa maji, basi lengalenga inayokunywa kloro huoga tumboni. Alikuwa ametia kopo baada ya kopo, kwa sababu, alivyonieleza, hakutaka komite ionekane bahili.

Kloro kidogo iliyopimwa, katika maji ya kunywa, haina ugomvi na mtu. Lakini kwa makopo yale, shimo langu lilimtoa mtu machozi. Ningeahirisha mtihani, ila Mama mkwe alikuwa tayari anashuka mteremko, kitenge kipya kiunoni, wanawake wenzake nyuma, na nyuma yao wale wenye viti.

Akachota kwa kikombe chake. Akatazama rangi, akatikisa kichwa kukubali. Akakileta puani, na kichwa kikarudi nyuma.

"Hii inanuka santere," akasema, akimaanisha kituo cha afya.

"Mama, kuna mtu ametia…"

"Miye sikuuliza nani. Niliangalia maji." Akamwaga kikombe chini, mbali na miguu yake. "Mu sufuria yangu haiingie majani yenye yalilala hospitali."

Watu walicheka mpaka kiti kimoja kikavunjika. Prezida naye alicheka, hakuelewa kwamba anachekwa. Nikielekea nyumbani nilimpita mdogo wangu mlangoni pao. Sauti za kicheko zilikuwa zimemfikia kabla yangu.

Siku zilizofuata matuta yangu yaliugua. Kingo za majani zikaungua, katikati pakawa njano, ile njano ya karatasi ya zamani. Prezida alileta wageni kuyaonyesha. "Munaona vile zimetakata?" aliwaambia. Nikamweleza mbele yao kwamba kijani cha lengalenga ndicho kiwanda chake, na kwamba jani lililobabuka limepoteza rangi pamoja na vitu ambavyo muuguzi alimtuma mgonjwa kuvitafuta ndani yake. Kwa hiyo sasa tulikuwa na aina mbili za mboga kijijini: za mto, zenye faida iliyofunikwa matope na kumwagiwa mbuzi, na zake, safi kama karatasi na zenye lishe ya karatasi. Akasema atalipeleka jambo hilo katika komite. Nadhani bado liko huko.

Muuguzi akamtazama tena mdogo wangu. Kope lilikuwa vilevile. Vidonge, nikagundua, alikuwa anavitema nyuma ya nyumba kwa sababu vilimchafua tumbo. "Kliniki ijayo ndiyo ya kuamua," muuguzi alisema. Mdogo wangu akaanza kukunja nguo za mtoto na kuziweka katika mfuko wa safari, kisha akawa anazitoa tena, akizikunja upya, bila kuniambia anafanya nini.

Hapo ndipo unapojua nani amesoma na nani amevaa kofia. Niliyamwaga maji ya shimo la pili mbali na mto, nikaliacha wazi lipigwe na jua. Nikabadilisha mchanga na makaa. Nikang'oa mboga za matuta yote, nikayaosha udongo kwa maji ya kupita, nikahamia tuta jipya ambalo kloro haikulifikia. Uzuri wa lengalenga ni kwamba haina uvivu. Ukiipa maji na samadi inakimbia. Mwenye samadi nzuri kijijini alikuwa mbuzi yule, na sikuona aibu kwenda kuiomba. Ilikuwa mali yetu inarudi. Na vidonge nilisimamia mwenyewe: mdogo wangu alikuwa anameza baada ya chakula huku nimemshika kidevu kama mtoto.

"Yaya, kule Bukavu walikufundisha agronomia ama upolisi?"

"Meza."

Niliweka pia uzio wa miiba kuzunguka mashimo. Prezida akaja, akausoma uzio, akaondoka.

Sikumwita Mama mkwe. Kiburi changu kilikuwa kimejeruhiwa, nacho kwa ukubwa wake hakiponi haraka. Alikuja mwenyewe, asubuhi moja mapema, peke yake, bila kitenge kipya. Alikuwa na kikombe.

"Nilimusikia usiku," alisema, akitazama shimo badala ya kunitazama mimi. "Anakunja zile nguo. Anakunja, anakunjua. Fungua."

Nikasogeza miiba na mfuniko. Alichota. Alitazama rangi kwa muda, akageuza kikombe kwenye mwanga. Akanusa mara moja, akanusa tena kwa sababu ya historia ya shimo lile. Akatia kidogo mdomoni, akakaa nayo.

"Iko na ladha gani, Mama?"

"Haina."

"Kwa ubaya?"

"Maji muzuri haina ladha. Hawakukufundisha hiyo Bukavu?"

Kisha akaingia katika tuta, akachuma mwenyewe. Alipindua kila jani, akapitisha kidole gumba chini yake, akatazama kidole. Kilikuwa safi. Aliendelea hivyo mpaka kanga yake ikajaa, na kila mara alikitazama kidole kana kwamba anatumaini kitamuunga mkono.

Jikoni aliweka maji kidogo, kama nilivyomwomba, na lengalenga juu yake. Zikachemka mara moja. Na mkono wake ukafanya kile ulichozoea: ukachukua kitambaa, ukanyanyua sufuria, ukainamisha. Beseni lilikuwa mahali pake. Mbuzi alikuwa mahali pake pia, ndevu zimetangulia. Mdogo wangu alikaa kwenye mkeka akitazama ule mdomo wa sufuria, na mimi nilifunga mdomo wangu, jambo ambalo wanaonijua watajua bei yake.

Mama mkwe alimtazama mbuzi. Akamtazama mkwe wake. Sufuria ilitulia hewani.

"Weye umekunywa ya kutosha," akamwambia mbuzi, na akairudisha sufuria motoni.

Akatia nyanya, akatia mawese. Mimi nikakamua limao juu, kwa sababu limao husaidia mwili kuishika ile nguvu ya damu iliyo ndani ya mboga, na alikubali limao kwa ishara ya kidole, kama mtu anayetoa ruhusa kwa nchi jirani. Mdogo wangu alikula, kisha akanywa mchuzi uliobaki kwa kuinua sahani. Wakati wote huo mbuzi alisimama mbele ya beseni kavu, akilia kama mtu aliyetolewa kazini bila maelezo. Alilia hivyo wiki nzima. Kisha akaanza kula majani ya kawaida kama mbuzi wengine, na bahati yake ikapungua.

Tuliendelea hivyo kila siku: maji yalale, yachujwe, yamwagiliwe miguuni, jani lichemke mara moja, kidonge kimezwe. Mimi ni mtu wa sayansi, si mchawi. Sisemi lengalenga peke yake ilifanya kazi. Nasema bila maji yangu lengalenga isingefanya kazi hata kidogo, na bila mimi kidonge kingebaki nyuma ya nyumba. Siku ya kliniki ya kuamua, muuguzi alivuta kope, akasogea dirishani ili aone vizuri. Akavuta na la pili.

"Mulimupa nini?" aliuliza.

Nilifungua kinywa kueleza kwa utaratibu, kuanzia shimo la kwanza. Mama mkwe akanitangulia.

"Mboga," akasema. "Miye ndiye napika."

Mdogo wangu hakupanda pikipiki. Alijifungulia kituoni hapo, mvua za kwanza zilipoanza kupiga mabati, mtoto wa kike mwenye mapafu ya mama mkwe. Alipoteza damu, kama wanawake wote, na alikuwa nayo ya kupoteza. Mfuko wa safari ulifunguliwa kwa mara ya mwisho na nguo zikatumika. Baba wa mtoto alituma kutoka Salamabila salamu ndefu kuliko zote.

Kwa akika, mtoto aliponyolewa nywele, walimchinja nani kama si yule mbuzi. Mama mkwe mwenyewe alimchagua. Nilikula paja, na nakiri kwamba nilikula kwa moyo mweupe: vyote alivyokunywa kwa siri kutoka kwa mdogo wangu vilikuwa vinarudi katika familia, vikiwa na pilipili. Pembeni ya nyama kulikuwa na lengalenga, bado za kijani kibichi, na mchuzi wake wa kijani. Mgeni mmoja wa kike aliuliza kwa nini maji hayakumwagwa.

"Siye hapa hatumwage," Mama mkwe alijibu. "Tangu bibi zetu. Ile maji ndiyo iko na damu."

Tangu bibi zetu. Nilikuwa nimekaa karibu yake, mfupa mkononi. Kisha prezida alisimama, kofia kichwani, akashukuru komite ya maji kwa mradi wake wa mashimo, akaomba radhi kwamba muhuri umebaki nyumbani. Watu wakapiga makofi. Makofi yalikuwa marefu. Nyama ilikuwa nyingi.

Nilikwenda kulala nikiwa nimekasirika, nikiandika kichwani kila sentensi ya habari hii. Alfajiri nilisikia miiba ya uzio wangu inasogezwa. Nikatoka na fimbo, nikidhani ni kofia. Alikuwa Mama mkwe, amechuchumaa kando ya shimo la pili, mikono ya gauni imekunjwa mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa anatawadha. Chemchemi iko kulekule nyuma ya kilima, na bidoni lake lilikuwa pembeni, limekwisha kujazwa kutoka kwangu. Aliosha uso, mikono, miguu, bila haraka na bila kuniangalia, akafunika shimo vizuri kuliko nilivyokuwa nimelifunika.

"Huu mwiba, Madamu," akasema alipokuwa anapita, "unachoma wazee. Utengeneze mulango."

Nikatengeneza mlango. Sasa kila alfajiri wazee wa msikiti wanapanga mabidoni yao pale, wa kwanza akiwa ni yule aliyetaka kuzaliwa lengalenga, na mboga zangu zinasubiri zamu.